Ubeti wa Ngapi Una Maji?

Kaeni, ndugu zangu. Kwaya nanyi kaeni, wimbo wa pili mtauimba siku nyingine. Leo nimepanda hapa nikiwa na hasira. Mke wangu ameniambia asubuhi nisubiri ipoe kwanza ndipo nihubiri, nikakataa. Kuna hasira ambayo ukiiacha ipoe inageuka kuwa unafiki.

Mnajua leo ni Jumapili ya Mazingira. Nimeviona vitenge vya kijani. Hata Mzee Senkondo amefunga tai ya kijani, na tangu nihamie usharika huu sijawahi kumwona na tai ya rangi yoyote. Mmependeza, siwanyimi haki yenu. Sasa sikilizeni mfano, na utakayemchoma asiniulize nani kanipa habari zake.

Palikuwa na kijiji kimoja mlimani, kijiji cha watu wa mfereji. Wale ambao hamkukulia milimani niwaeleze kidogo. Mfereji wa kule hauendi bila ndiva. Ndiva ni bwawa la udongo na mawe, wazee wa kale walilichimba chini ya chemchemi. Usiku maji yanajikusanya humo, alfajiri kizibo kinafunguliwa, maji yanateremka shamba kwa shamba, kila mtu kwa zamu yake, mpaka shamba la mwisho kule chini ambalo wenyewe wanaliita la mkiani. Ndiva ikiwa na kina, maji yanafika mkiani. Ikijaa matope, yanaishia njiani. Hilo halihitaji digrii.

Kwa hiyo kila mwaka kabla ya mvua baragumu lilikuwa linalia, na siku hiyo ilikuwa ya msaragambo, kazi ya wote. Hakuna mkubwa siku hiyo. Mwalimu, mwenye duka, mkunga, katekista, wote walishuka ndani ya ndiva wakachota matope kwa makarai, wakapokezana mkono kwa mkono mpaka ukingoni. Mgawa maji alisimama na daftari akiita majina. Aliyekosa bila ugonjwa wala msiba alitozwa beberu, na beberu huyo aliliwa na wenzake mbele ya macho yake.

Na walikuwa na wimbo. Haukuwa na maneno ya kupendeza. Ulitaja mawe ya ndiva, vyura, kiuno kinachouma, na jirani mvivu kwa jina lake kamili. Lakini ulikuwa umepimwa kwa karai: neno moja, karai moja. Ukikosea wimbo, tope linakumwagikia kichwani. Ndugu zangu, huo ndio uliokuwa ushairi wao wa maji na udongo, na kila aliyeuimba alikuwa na matope mpaka magotini.

Kijiji hicho kilikuwa na mtoto wake mmoja aliyesoma sana, akafundisha chuo mjini, akawa mshairi. Mshairi wa kisasa. Vina na mizani hakuhangaika navyo, aliandika mistari mirefu na mifupi jinsi pumzi ilivyomjia, na karibu kila shairi lake lilihusu ardhi, maji, miti, na mtu aliyesahau kwamba yeye na vitu hivyo ni ndugu. Alisomwa, alialikwa huku na huku. Mwaka mmoja alikuja likizo, na baragumu likalia yuko nyumbani. Akaenda, kama mwana wa kijiji. Alipofika ukingoni akasimama, kwa sababu alikuwa amevaa viatu vizuri.

Mgawa maji akamwona. Akaona haya kumwambia msomi avue viatu. Akasema, "Mwalimu, maadamu umefika, tupe basi maneno mawili matatu."

Hapo ndipo msiba ulipoanzia, kwenye haya ndogo ya mtu mwenye daftari. Angesema tu "vua viatu, mwanangu, ushuke", mimi leo nisingekuwa na cha kuwahubiria.

Yule bwana akafumba macho, akasema hivi:

*Ewe ndiva, jicho la mlima lisilolala,*
*mimi ni tope lako lililojifunza kutembea.*
*Nimekwenda mbali, nimesema kwa lugha za watu,*
*lakini siku utakayokauka wewe*
*ulimi wangu utabaki ukitafuna vumbi.*

Makarai yalisimama hewani. Mama mmoja akajifuta macho kwa kiganja chenye tope. Wanaume wazima wakawa wanatazama udongo ulio mikononi mwao utadhani ndio kwanza wameonyeshwa. Na nawaambieni, shairi lilikuwa zuri. Sikuja hapa kuwatukana washairi, Mungu mwenyewe anapenda kuimbiwa. Tena kila neno lilikuwa kweli! Sisi si udongo? Maji yakikauka tutasema nini, tutaimba nini? Kweli tupu. Hasira yangu haiko juu ya shairi. Iko juu ya yale yaliyofuata, maana siku ile walitoa matope nusu tu, wakarudi nyumbani mioyo yao imejaa, kila mmoja akijiona amefanya kazi kubwa kuliko miaka yote.

Mwaka wa pili wakamwalika rasmi. Asubuhi shairi, mchana matope, ndivyo ratiba ilivyosema. Wageni wakachelewa, hotuba zikarefuka, mchana ukawa jioni. Walichota makarai machache ya kupigia picha.

Mwaka wa tatu sifa zilikuwa zimeenea. Walikuja wanafunzi wa chuo, waandishi wa magazeti, na wafadhili wenye kofia pana. Ikaundwa kamati ya shughuli, nayo ikasema lazima kuwe na jukwaa. Jukwaa nalo lilihitaji nguzo. Tena likatokea tatizo lingine: watakaokaa nyuma hawataona. Kwa nini hawataona? Kwa sababu ya mikuyu. Juu ya chemchemi ile palikuwa na mikuyu saba, ya zamani, ambayo mizizi yake ilikuwa imeushika mteremko mzima usiporomoke. Mwenyekiti wa kamati akasema, "Sasa wageni watatuonaje?" Mikuyu mitano ikalazwa chini. Magogo yake yakawa nguzo za jukwaa.

Mmesikia nilichosema? Waliikata miti ili watu waone vizuri mtu anayesoma shairi la kuililia miti. Chekeni basi, kama mnaweza.

Na mshairi je? Alifika akakuta imeshalala chini. Aliumia, simsingizii. Alisimama kwenye kisiki kimoja muda mrefu. Kisha akatoa kalamu, akaongeza ubeti wa mikuyu hapohapo, akausoma siku ileile, na ulipigiwa makofi kuliko beti nyingine zote.

Shughuli ilipokwisha, mgawa maji akamsogelea mwenyekiti na daftari lake. Akauliza, "Mwenyekiti, majina nayaandikaje? Matope hatukuyagusa."

Mwenyekiti akafikiri. Akasema, "Aliyesikiliza shairi amefika msaragambo. Mwandike."

Wakaandikwa wote, nyumba kwa nyumba, wakiwa wamesimama mbele ya ndiva iliyojaa matope. Mwaka ule hakuna aliyetozwa beberu. Lile daftari halikuwahi kuwa safi namna hiyo tangu lianze kuandikwa. Mnaona kosa hilo lilivyo la ajabu? Mvivu wa kawaida anajua kwamba hakufanya kazi. Hawa waliandikwa kwamba wameifanya, wakaamini.

Mtu mmoja tu alinyoosha mkono. Alikuwa mjane, mwenye watoto wanne na ulimi uliowatisha majirani, na shamba lake ndilo lilikuwa la mkiani kabisa. Akasema, "Mwenyekiti, samahani. Matope tunayatoa lini?"

Mwenyekiti akacheka kwa upole, wageni walikuwa wanasikia. "Mama, leo ni siku ya kutafakari uhusiano wetu na maji. Matope hayana miguu, hayatukimbii."

"Hayatukimbii," akasema yule mama. "Mimi nina wasiwasi yatatufuata."

Watu wakacheka, wakaenda kula.

Matope hayana miguu! Ngojeni mvua. Mvua za mwaka ule zilipoanza, mteremko uliokuwa umeshikwa na mikuyu ukakosa wa kuushika. Udongo ukashuka. Haukushuka kwa kishindo, ulishuka kidogo kidogo kila siku, mwekundu, mzito, ukaingia kwenye ndiva na kutulia. Mvua zilipokwisha, ile ndiva ambayo zamani mtu mzima alizama ndani yake ilikuwa na maji ya kumfika kuku kifuani. Alfajiri kizibo kikifunguliwa, shamba la kwanza linashiba, la pili linaonja, la tatu linaloa kingo. La mkiani linasikia habari.

Yule mama alikuwa amepanda maharage. Wenye kulima mnajua: harage likishatoa maua linataka maji, na halijui kusubiri. Zamu yake ilikuwa Alhamisi. Alhamisi ya kwanza alikaa kichwani mwa shamba lake na jembe begani, hakuna kitu. Alhamisi ya pili akaufuata mfereji kwa miguu kwenda juu, akitafuta maji yanafia wapi. Akapaona. Palikuwa mbali sana na kwake, na hata hapo yalikuwa unyevu tu, si maji. Akaenda kwa mgawa maji.

"Baba, zamu yangu ni lini?"

"Si unajua, mama. Alhamisi."

"Alhamisi imefika. Maji ndiyo hayakufika."

Mgawa maji akafungua daftari, akaangalia, akasema kwa masikitiko ya kweli, "Mbona hapa kila kitu kiko sawa, mama yangu? Watu wote walihudhuria."

Maua ya maharage yakadondoka. Maganda machache yaliyofunga yalikuwa matupu ndani. Yule mama alikuwa na mbegu kwenye kibuyu, mbegu alizopewa na mama mkwe wake siku alipoolewa, na kila msimu alizipanda na kurudisha nyingine za msimu ujao. Miaka ishirini kibuyu kile hakikuwahi kuwa kitupu. Mwaka ule akakishusha, akazimwaga mbegu kwenye sufuria, akawapikia watoto. Ninyi kina mama nyamazeni kidogo mfikirie hilo. Mkulima anayekula mbegu amekula shamba la mwaka ujao pamoja na jina lake. Watoto walikula wakamwambia, "Mama, leo maharage ni matamu." Naye akawaambia ndiyo, ni matamu.

Baragumu likalia tena, mwaka wa nne. Yule mama akachukua jembe na karai, akapanda mlima. Ni yeye peke yake aliyekuja na jembe. Wenzake walikuja na viti. Shule ya msingi ilileta watoto, na wawili katika hao walikuwa wake, wamefundishwa shairi zima kwa moyo, na walilighani vizuri mpaka wafadhili wakainuka. *Siku utakayokauka wewe.* Watoto wale walikuwa wameshakula mbegu, ndugu zangu, nao wanaimba *siku utakayokauka*, kana kwamba ni siku itakayokuja huko mbele!

Mshairi alipopanda jukwaani, yule mama akapanda nyuma yake. Mwenyekiti akaanza kumfuata, mshairi akamzuia kwa mkono. Hakuwa mtu mbaya, nimeshawaambia.

Mama akasema, "Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba, mama yangu." Aliitikia huku ameduwaa, maana alizoea kuamkiwa na wadogo zake, na mama yule alikuwa mkubwa kwake.

"Mwalimu, shairi lako ni zuri. Silikebehi. Wanangu wanalijua lote, nami nimelijua kwa kuwasikia wao. Sasa nakuuliza, maana wewe ndiye mwenyewe. Ubeti wa ngapi una maji?"

Watu wakaangua kicheko.

"Msinicheke," akasema. Hakupandisha sauti. "Namwuliza mwenye shairi. Nina shamba limekauka hapo chini, nyote mnalijua. Nimelisikiliza shairi miaka minne, na kwenye daftari nimeandikwa nimehudhuria. Kama kuna ubeti wenye maji aniambie ni upi, niufungulie mfereji." Kisha akamwekea mshairi jembe mikononi. "Na kama haupo, shuka."

Hapo kicheko kiliisha. Yule mshairi akalitazama jembe, akayatazama matope, akamtazama mama, na machozi yakamtoka. Machozi ya kweli.

Sasa niambieni. Alifanya nini?

Naona nyuso zenu. Mnamsubiri avue viatu. Mnamwona ameshashuka, na mwenyekiti nyuma yake, na wafadhili wamekunja suruali, matope yanatoka, maji yanateremka, mama anapata maharage, kwaya inaimba. Mmezoea hadithi zangu. Mnataka nimalize hivyo ili tuende nyumbani tukale.

Alimrudishia jembe. Alilirudisha kwa mikono miwili, kwa adabu zote. Akamwambia, "Mama yangu, umenigusa. Sitakusahau maishani." Akashuka kwa upande ule wenye ngazi, akapanda gari, akaenda mjini, hakulala, akaandika. Aliandika shairi la mama wa mkiani. Wanaojua mashairi walisema ndilo bora kuliko yote aliyowahi kuandika. Mwaka uliofuata alilisoma pale pale ukingoni, mbele ya umati mkubwa zaidi, na watu walilia kwa sauti. Kamati ilikuwa imeacha kiti mbele kabisa kwa heshima ya yule mama. Kiti kilikuwa kitupu. Alikuwa ameshateremka tambarare na watoto wake kwenda kupalilia mashamba ya watu, na hakuna aliyeweza kusema ni mashamba ya nani, kwa sababu hakuna aliyemwuliza alipokuwa anafunga mizigo. Wakakipigia makofi kiti.

Huo ndio mfano wangu.

Naona wengine mnatikisa vichwa. Naona Mama Elinipa anajifuta macho. Mtatoka hapa mtanipa mkono mlangoni na kuniambia, "Mchungaji, leo umetulisha." Mmeniambia hivyo mara nyingi, nami nimefurahi. Leo atakayeniambia hivyo nitamrudisha ndani.

Kwa sababu sikilizeni. Hamjauliza kwa nini nina hasira, na nimemkasirikia nani.

Wiki tatu zilizopita mama mmoja alikuja ofisini kwangu. Huyu si wa mfano, ana jina, anaitwa Namkunda Mrutu, na anakaa bondeni nyuma ya kanisa hili. Alikuja amevua ndala mlangoni. Akaniambia, "Baba Mchungaji, ule udongo mlioutoa mlipotengeneza uwanja wa magari umeshuka wote kwangu. Umeziba mfereji. Sisi nyumba sita hatupati maji." Mnaukumbuka uwanja huo? Tuliukata nyuma hapo, tukang'oa miti yote ya ukingoni ili magari yapate pa kugeukia. Mimi niliuombea. Nilisimama kwenye udongo mbichi nikaomba baraka, na greda likiunguruma.

Mnajua nilimjibu nini yule mama? Nilimpa kiti, nilimpa chai, nilisikitika naye. Nikamwambia, "Mama, umenena jambo zito. Jumapili ya Mazingira inakaribia. Nitalihubiri."

Nitalihubiri!

Naye akanishukuru. Akavaa ndala zake akaenda, akiamini kwamba ameahidiwa maji. Nami nikakaa mezani wiki tatu kutunga mfano huu. Nimeufuta, nimeuandika upya. Nilitafuta shairi la kumpa yule mshairi, nikalipata, nikalifurahia. Nilipofika penye kibuyu cha mbegu mimi mwenyewe nililia, na nikajiambia hapo watalia. Wiki tatu! Kutoka kwenye kiti changu hadi kwenye mfereji wa Mama Namkunda ni hatua mia mbili. Nilikwenda jana tu, tena nilikwenda kutafuta mfano mwingine wa kuongezea. Nikamkuta ameinama anatoa udongo wa uwanja wetu kwa bakuli, yeye na binti yake. Maharage yake yameanza kutoa maua. Aliponiona akanyooka, akasema, "Karibu Baba Mchungaji, kesho ndiyo unahubiri?" Ndugu zangu, nilitamani ardhi inimeze, na udongo wenyewe ulikuwa wetu.

Basi nisimfiche mtu nyuma ya mfano. Mshairi ni mimi. Mwenyekiti mnamjua, ni kamati ya ujenzi yote, imekaa hapo safu ya pili na sasa inatazama sakafu. Na sisi sote ndio tulioandikwa daftarini. Tumeimba "dunia ni nyumba yetu" kwa sauti nne, tukajisikia tumeitunza dunia. Tumeshona vitenge vyenye picha ya mti. Kila shule hapa ina shairi la kulilia msitu limebandikwa ukutani, na watoto wanalikariri wakipewa tuzo, na jioni wanatumwa kuni kwenye msitu huohuo. Tunapenda sana kusema kwamba mtu na maumbile ni kitu kimoja. Tunalisema vizuri, tunalia tukilisema. Lakini kazi ya kwanza ambayo mtu alipewa bustanini ilikuwa kulima na kutunza. Hakuambiwa asimame ukingoni aeleze jinsi anavyojisikia.

Msinielewe vibaya mkaenda kuchoma mashairi. Imbeni! Wale wa zamani waliimba vilevile. Nawauliza kitu kimoja tu: wimbo wako uko upande gani wa ukingo? Kama uko ndani ya ndiva na tope linakumwagikia, endelea, na Mungu akuongezee sauti. Kama uko juu, na viatu vyako ni safi, na chini yako kuna mtu anachota kwa bakuli, basi nyamaza kwanza ushuke, kwa sababu kila ubeti wako mzuri unamchelewesha mtu huyo maji yake. Mimi nimemchelewesha wiki tatu. Na sasa hivi, ninaposema maneno haya na ninyi mnasikiliza kwa utulivu mkubwa hivi, bado ninamchelewesha.

Kwa hiyo ibada tunaikatia hapa. Matangazo hayatasomwa. Mnada wa mazao leo haupo. Mlango wa mbele nimeufunga na ufunguo ninao mfukoni, tutatokea huu wa nyuma unaotazama bondeni. Majembe na makarai nimeyapanga ukutani tangu asubuhi, yanatosha. Wenye magari msiwe na haraka nayo, pale mlipoyaegesha ndipo tutakapopanda miti upya wiki ijayo, na atakayekosa atatozwa beberu. Mzee Senkondo, tai hiyo ifungue, utaipaka matope.

Amina sitaisema hapa. Anayeitaka anifuate mferejini, na kwanza avue viatu.